Mwezi mweusi kama mkaa

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi, sisi wazima, sijui nyie huko Tanga. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya Bi Zuhura, utanisema tukionana. Leo nina shida ya kielimu, usinicheke.

Idrisa kakatwa alama. Kaandika kwamba Makemake ina mwezi, mwalimu kampiga kosa kwa wino mwekundu. Mtoto kaja na daftari, machozi yanamlengalenga. Mimi muuza mkaa nimtetee kwa lipi? Ikabidi anifundishe. Kumbe Makemake ni sayari kibete, iko mbali kuliko Pluto. Waliiona mwaka 2005, siku chache baada ya Pasaka, ndiyo maana wakaipa jina la mungu wa watu wa Kisiwa cha Pasaka. Mwezi wake ulinaswa na darubini ya Hubble Aprili 2015. Upana wake kama kilomita 160, yaani ukianzia Ubungo haukufikishi Morogoro. Na shoga, wanasema huenda ni mweusi kama mkaa! Biashara yangu imefika mbali.

Nikamuuliza, kitu cheusi gizani walikionaje? Umeme ulikuwa umekatika. Akachomoa kipande guniani, akakiweka ubavuni mwa tochi ya simu. Nikakodoa macho, sioni kitu. Akakivuta pembeni kidogo, hicho hapo, na vumbi lake. Sayari yenyewe inang'aa kwa barafu, mwezi umefifia kuliko hiyo sayari mara 1,300, na muda mwingi unamezwa na mwanga wake. Walipopiga picha tena siku mbili baadaye, haupo! Na sisi kila Ramadhani tunagombana umeandama, haujaandama.

Alama zenyewe mbili tu. Kinachoniuma ni lile kosa jekundu, maana tangu jana kijana hashiki kitabu. Ningekwenda shuleni, ila mwalimu mwenyewe ni mteja wangu, ana deni la madebe mawili. Nikienda atadhani nadai.

Sasa wewe wa fizikia, nifanyeje? Utamwandikia mistari miwili, kwa upole? Au nimwambie Idrisa aende na tochi na mkaa wake darasani? Huo mwezi waliuita MK2 tu, kama basi. Jina la kueleweka anaruhusiwa nani kulitoa? Yeye keshauita Mkaa. Na Saumu, karudi kwa mumewe au bado yuko kwako?

Wako,
Mama Idrisa