Somo la tamaduni lisingoje muhula wa mwisho

Ndugu Mhariri,

Nipo mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea Kijapani. Sarufi naipasua. Lakini siku niliyoketi na Mjapani kupanga kazi ya pamoja, kila nilichopendekeza aliitikia "hai", yaani "ndiyo" kwa Kijapani, nami nikaondoka nimefurahi. Kumbe alikuwa ananijulisha tu kwamba ananisikia; kukubali, bado. Kazi ikakwama wiki mbili, na nikamkasirikia bure, jambo linaloniuma hadi leo.

Mwanaisimu wa Marekani, Dell Hymes, alishaeleza tangu miaka ya 1960 kwamba kujua lugha ni pamoja na kujua useme nini, lini na kwa nani. Mbona basi somo la mawasiliano baina ya tamaduni kwetu ni la hiari? Wakuu wa idara, lileteni mwaka wa kwanza, na mtihani wake uwe mazungumzo.

Mwanafunzi wa lugha