Mwandishi wenu wa safari amesahau breki

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya safari, aliyewashauri wasomaji wanaokwenda Ulaya majira ya baridi waazime baiskeli ya milimani kwa wenyeji wao, wavae helmeti na wasiogope matope. La matope namuunga mkono, kwani kuna raha yake. Ila amemaliza kwa kusema baiskeli ni baiskeli, na anayejua kuendesha moja anajua zote. Hapo tumeachana, maana mtu anaweza kuvunjika mtulinga kwa ushauri huo.

Tuanze na breki. Uingereza, Australia na Japani, breki ya mbele kwa kawaida inashikwa na mkono wa kulia, sawa na pikipiki. Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya ni kinyume chake: ya mbele iko kushoto. Kwenye lami kavu, anayekosea mkono atashtuka kidogo, basi. Kwenye mteremko wa udongo uliolowa ni habari nyingine kabisa. Vidole vina mazoea yake, na hatari ikitokea havisubiri kuambiwa. Unadhani umeigusa ya nyuma upunguze mwendo, kumbe umeibana ya mbele. Gurudumu linagoma kuzunguka, tairi linakwenda upande, na kuanzia hapo usukani hauna kazi. Gurudumu la nyuma likiteleza bado unalo: linayumba, unaachia breki, unaendelea na safari. La mbele halikupi nafasi hiyo.

Nimeliona kwa macho yangu Uskoti mwezi wa Januari, nilipofikia kwa shemeji yangu. Tulikuwa na mgeni mwingine, mtu wa bara la Ulaya, mwendeshaji mzuri kuliko mimi. Alianguka kwenye kona pana isiyo na mzizi wala jiwe. Akatua ubavu kwenye majani yaliyooza, matundu ya helmeti yakajaa tope, kisha akakaa pale chini akiutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hakuumia. Lakini alikuwa amepewa baiskeli na pampu na chupa ya maji, na hakuna aliyemwambia habari ya breki.

Mimi nilikuwa nimeuliza kabla sijapanda. "Shemeji, ya mbele mkono upi?" Akanijibu, "Kulia. Zunguka nyumba kwanza ukiifinya pole pole, mpaka mkono uzoee." Nikazunguka, majirani wakinishangaa, mtu mzima anacheza na breki uani. Baiskeli zenyewe siku hizi zina breki za diski zenye mafuta, kidole kimoja kinatosha kuisimamisha. (Vijana wa Marin County, California, waliokuwa wakishindana kushuka mlima mwaka 1976, walitumia breki za kukanyaga pedali kinyumenyume. Zilipata moto hadi grisi ya ndani ikaungua, ikawa lazima zijazwe nyingine kila baada ya mteremko. Sisi tumerahisishiwa, lakini breki kali kwenye mkono usiozoea nayo ni balaa.)

Jambo la pili ambalo mwandishi wenu hakuligusa ni kwamba baiskeli ya kuazima imetengenezwa kwa mwili wa mwenyewe. Shemeji yangu ni mtu wa miraba minne. Mimi nimebeba mifupa tu. Upepo wa tairi unaomfaa yeye, kwangu ni mgumu mno, na tairi gumu halishiki mzizi uliolowa, linaruka juu yake. Tairi za baiskeli hizi hujazwa kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 20 na 30 hivi, na ndani ya nafasi hiyo ndogo kila pauni moja au mbili inaonekana. Alikibonyeza kipini cha valvu kwa ukucha, ikafanya "sss" mara mbili tatu, akalibinya tairi kwa dole gumba, akaridhika. Hakupunguza sana, kwa sababu tairi likilegea kupita kiasi rimu inagonga mawe. Kisha akaja kwenye shokapu. Zile za hewa hupimwa kwa kuangalia zinadidimia kiasi gani mpandaji akikaa: robo ya nafasi yake yote ya kudidimia, au zaidi kidogo. Nilipokaa mimi, zilikaza kama zilivyo. Akatoa hewa na huko pia. Siti nayo ikashushwa. Kazi yote hiyo haikuchukua muda mrefu kuliko kunywa kikombe cha chai.

Na faida yake niliiona kwenye mizizi. Mizizi ya misonobari wakati wa baridi ndiyo mtihani wenyewe, hasa ile iliyochubuka maganda ikabaki kung'aa. Hapo hufungi breki, hukati kona, hukanyagi pedali kwa nguvu. Breki unamaliza kabla ya kufika, unaielekeza baiskeli iukate mzizi moja kwa moja, usiufuate kwa ulalo, unainuka kwenye siti na kuacha magoti yacheze. Inatisha mara ya kwanza, halafu inakuwa tamu. Vidole tu ndivyo vinavyosumbua: vikifa ganzi huwezi tena kuhisi umefinya kiasi gani, kwa hiyo glavu ni muhimu kama helmeti. Na saa pia. Kule Desemba jua limeshazama kabla ya saa kumi alasiri, na msituni giza linawahi zaidi.

Mwandishi wenu anasema pia msafiri apite "njia yoyote inayomvutia". Si kila mahali. Uskoti, sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inaruhusu baiskeli karibu kote mradi uendeshe kwa busara. Vuka mpaka uingie England au Wales, mambo yanabadilika: njia za farasi unaruhusiwa tangu sheria ya mwaka 1968, na unatakiwa kuwapisha watembea kwa miguu na wapanda farasi, njia za miguu si zako. Tena hata panaporuhusiwa kuna siku ya kugeuza. Asubuhi udongo ulioganda ni mgumu, unapita vizuri. Mchana tabaka la juu linayeyuka huku la chini bado ni barafu, na tairi linachimba mfereji utakaobaki hapo mpaka kiangazi. Ukiona unaacha mfereji nyuma yako, rudi. Dimbwi ukilikuta, pita katikati yake. Wanaolizunguka ndio wanaoipanua njia mwaka hadi mwaka, huku wakijiona wastaarabu kwa sababu viatu vyao ni safi.

Halafu kuna suala la kurudisha baiskeli, ambalo naona aibu kulisema kwa watu wazima. Tope la msituni lina mchanga, na mchanga huo unakula pedi za breki. Pedi za aina laini zinaweza kwisha kwa siku moja ya mvua. Za chuma zinavumilia zaidi. Mwagia maji ya kawaida, sugua kwa brashi, na usiielekeze mashine ya maji ya nguvu kwenye beringi, maana inasukuma maji ndani na kuisafisha grisi. Futa mnyororo, upake mafuta. Pedi ukizikuta zimekwisha, nunua mpya wewe. Usingoje mwenyeji akwambie, kwa sababu hatakwambia.

Yote haya nayaweka mbele yako, Mhariri, kwa kuwa safu ile inasomwa na watu wengi na msimu wa safari za mwisho wa mwaka haupo mbali. Kama nafasi haitoshi kuchapisha yote, naomba angalau mwandishi wenu aongeze aya moja kuhusu mkono wa breki. Mengine mwenyeji anaweza kumwelekeza mgeni wake wakiwa njiani.

Wenu,
Msomaji anayesafiri