Tusisubiri mwisho wa hadithi ndipo tuulize dhamira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wenzangu wa Kiswahili wa Mtwara na Lindi, pamoja na wale wanaotutungia mitihani ya majaribio wilayani. Wazazi nao wasome, maana sehemu ya jambo hili wanaishika wao.

Tukisoma hadithi na watoto wa darasa la nne au la tano, desturi yetu ni moja. Tunafika mwisho, tunafunga kitabu, tunauliza: "Haya, hadithi hii inatufundisha nini?" Mikono inapanda. "Inatufundisha tuwe na umoja." "Tusiwe wavivu." "Tuwatii wazazi wetu." Tunasema vizuri sana, mpigieni makofi, kisha tunahamia kwenye zoezi. Ukiyatazama vizuri majibu hayo matatu, yanaitosha hadithi yoyote utakayoisoma. Mtoto anaweza kuyatoa hata kama alikuwa anasinzia, na wapo wanaoyatoa huku wanasinzia kweli.

Chanzo chake hakijifichi. Fungua karatasi za Kiswahili za darasa la saba za miaka iliyopita, sehemu ya ufahamu. Mara nyingi utakuta swali la "Funzo tunalolipata katika habari hii ni lipi?" au "Methali ipi inafaa kuwa kichwa cha habari hii?", na machaguo yamepangwa chini yake. Mtoto mjanja anasoma aya ya mwisho tu, anasiliba jibu, anaendelea. Na anapata. Kwa hiyo na sisi tunamfundisha kusoma aya ya mwisho. Simlaumu mwalimu anayefanya hivyo, kwa sababu matokeo yakitoka yeye ndiye anayeitwa ofisini. Ila tunachowafundisha hapo ni kubahatisha, halafu wakifika kidato cha tatu wakaambiwa wachambue fani na maudhui, tunashangaa kuwaona wanakariri dhamira, yaani wazo kuu la hadithi, kutoka kwenye daftari la kaka.

Dhamira haikai mwishoni mwa hadithi ikisubiri kuokotwa. Inaanza kidogo, inarudi kwa sura nyingine, inapingwa, na wakati mwingine inageuka kabisa kabla hadithi haijaisha. Mkulima wa korosho hangoji Oktoba ndipo aingie shambani kuangalia mikorosho imezaa nini. Anaingia maua yanapotoka, anapuliza salfa, anarudi tena kutazama. Hadithi nayo inataka kuingiliwa mapema namna hiyo.

Nitoe mfano kwa hadithi ambayo watoto wengi wa huku wameisikia kwa bibi zao. Ukame umeingia, wanyama wanakubaliana kuchimba kisima, Sungura anakataa kushika jembe. Maji yanapatikana, wanyama wanaweka mlinzi. Sungura anakuja na kibuyu cha asali, anamlambisha mlinzi kidogo. Mlinzi anataka zaidi. Sungura anamwambia asali hii hailiki mpaka ufungwe kamba, maana kwa utamu wake utarukaruka ujiumize. Mlinzi anakubali kufungwa. Sungura anakunywa, anaoga, anayatibua maji, anakwenda zake. Siku ya pili anawekwa mlinzi mkubwa zaidi, na mambo ni yaleyale. Mwishowe anajitokeza Kobe, anajipaka ulimbo mgongoni, anajilaza ndani ya maji. Sungura anamkanyaga akidhani ni jiwe, ananasa.

Ukiuliza funzo mwishoni, utapata "tusiwe wavivu". Si uongo. Lakini jaribu kusimama njiani.

Mimi husimama kwanza pale Sungura anapokataa jembe. Nauliza hadithi mpaka hapa inasema nini, na sikubali neno moja. Anayesema "uvivu" namwambia amalizie: uvivu umefanyaje? Hapo tunapata sentensi, kwa mfano "Asiyefanya kazi hana haki ya kufaidi", naiandika ubaoni na siifuti. Nasimama tena mlinzi wa pili anapofungwa. Sasa swali ni: kitu gani kimerudi? Asali. Kamba. Mwenye nguvu kudanganywa. Na aliyepoteza maji ya wote ni nani, Sungura au mlinzi? Hapa darasa linagawanyika, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Safari moja mvulana wa dawati la nyuma alisema mlinzi ndiye mwizi, kwa sababu ameyauza maji kwa asali. Binti mmoja akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Kwani kwa nini hawakulinda wawiliwawili? Sisi kwenye bomba tunakaa wawili."

Mhariri, mtoto huyo anatoka huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji ni habari ya kila siku. Bibi zetu waliteremka mabondeni alfajiri, wakapanda tena na mitungi kichwani, na mpaka leo zipo nyumba zinazotegemea mvua inayokingwa kwenye mabati. Mtoto wa hapa huna haja ya kumweleza kisima kulindwa maana yake nini. Ameingia ndani ya hadithi akiwa na dumu mkononi. Swali lake na lile jibu la mvulana vilitupa sentensi ya pili ubaoni, chini ya ile ya kwanza: mali ya wote haipotei kwa mwizi peke yake, inapotea kwa aliyepewa kuilinda akaitamani asali.

Nasimama mara ya mwisho Kobe anapojitolea, kabla sijataja ulimbo. Kwa nini huyu, na si Tembo? Wakishajibu hilo, wanarudi wenyewe kwenye zile sentensi mbili na kuona kwamba hadithi iliyoanza kwa uvivu wa mmoja imeishia kwenye uaminifu wa mwingine. Wengine wanashikilia kuwa bado ni ya uvivu. Nawaacha, mradi wanionyeshe mahali penyewe katika hadithi. Mtoto wa darasa la nne anayesema "dhamira ni hii kwa sababu mlinzi wa pili naye alilamba" ameshafika mbali kuliko anayejibu "umoja" bila kujua umetoka wapi.

Kuna jambo zito zaidi ya hadithi za wanyama. Watoto wetu wanasimuliwa Vita vya Majimaji, ambavyo kwetu huku si habari ya mbali. Vilianza Umatumbi, Kilwa, mwezi Julai 1905, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Ukimwuliza mtoto funzo baada ya kusikia mwisho tu, kwamba maji ya dawa hayakuzuia risasi na Kinjikitile Ngwale, mganga aliyeyagawa, alinyongwa na Wajerumani, atakujibu: "Tusiwaamini waganga." Nimelisikia jibu hilo zaidi ya mara moja, na linauma. Mrudishe kwenye ile pamba. Mwulize watu waliokuwa hawasikilizani walianzaje kusikilizana, na maji yale yalifanya kazi gani kabla ya risasi ya kwanza. Walioshindwa wanaweza kubeba dhamira kubwa kuliko walioshinda, lakini mtoto anayetafuta dhamira katika aya ya mwisho hataiona kamwe.

Najua nitakayojibiwa. Madarasa yamejaa, kitabu kimoja kinasomwa na watoto watatu, kipindi kinakwisha kabla hujamaliza kuita majina. Kweli tupu. Ila njia hii haitaki vitabu. Inataka mdomo wa mwalimu, ubao na chaki, na hadithi moja isomwe kwa vipindi viwili badala ya hadithi mbili kwa kipindi kimoja. Tena muda wenyewe unapungua. Kwa sera ya sasa elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, na watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 ndio wanaomaliza darasa la sita mwaka 2027. Tukisema uchambuzi utawangoja sekondari, watafika huko wakiwa na mwaka mmoja pungufu.

Wapo pia wanaosema mtoto wa miaka tisa hawezi mambo ya dhamira. Huyo mtoto anajua kabla mama hajafungua kinywa kwamba maneno ya leo yanaelekea kwenye kile kikombe kilichovunjika. Kuona jambo linakokwenda anaweza sana. Hajazoea tu kuulizwa hivyo darasani.

Wazazi, msiniambie siku hizi watoto hawataki hadithi. Msimu wa korosho, mnapokaa jioni mnachambua zilizookotwa mchana, hapo pana saa nzima ambayo redio inaila bure. Semeni "Hadithi, hadithi!", mtasikia "Hadithi njoo!" mara moja. Bibi akianza kusimulia, msimharakishe afike mwisho. Akatize mwenyewe katikati, amwulize mjukuu angekuwa yeye ni mlinzi angefanyaje. Wazee wetu walikuwa wanafanya hivyohivyo, na hakuna aliyewaita walimu.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenzetu wanaotunga mitihani ya majaribio. Siwaombi wafute maswali ya kuchagua. Naomba swali moja tu la kuandika katika ufahamu, lenye alama za kutosha ili mwalimu aone faida ya kulifundisha. Liwe la aina hii: "Taja jambo lililotokea mwanzoni mwa hadithi ambalo limejirudia baadaye. Lilibadilikaje?" Kulisahihisha kutachukua muda zaidi, sikatai. Sisi walimu wa madarasa tupeni mwongozo wa alama, tutasahihisha.

Na mwenzangu wa Lindi, Nachingwea au Liwale anayeitumia hadithi nyingine darasani, aiandike hapa. Hiyo ya kisima darasa langu wameshaijua, safari ijayo watanisimulia wao.

Mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi,
Newala, Mtwara