Mkimya asinyimwe cheo

Mhariri,

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha, karibu na bandari ya Kilindini, imetujazisha hojaji ya haiba, ile ya aina 16 iliyobuniwa Marekani na Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers. Majibu yalipotoka, dada mmoja mkimya anayekagua stakabadhi aliondolewa kwenye orodha ya wanaofikiriwa usimamizi. Hapa kwetu Mombasa mtu wa aina yake husifiwa kwa adabu. Vipi ofisini aonekane dhaifu?

Huyu ndiye anayeona namba ya kontena iliyokosewa tarakimu moja kabla nyaraka hazijafika forodha. Kosa kama hilo likipita, mzigo hukwama na gharama za kuhifadhi bandarini huzidi kila siku. Mimi ni msemaji. Napenda kaunta, wateja wenye haraka na simu zisizokoma. Nikalishe na makaratasi kutwa, nitayapitisha makosa na roho itanichoka. Yeye anayafurahia.

Wamiliki wa hojaji hiyo wenyewe wanasema isitumiwe kuchuja waajiriwa. Nao watafiti Barrick na Mount, mwaka 1991, walikuta kwamba umakini na bidii huashiria utendaji bora katika kila kundi la kazi walilochunguza. Uchangamfu ulisaidia mameneja na wauzaji, sikatai, lakini umakini uliwasaidia hata hao.

Nawaomba wakubwa wetu wafungue majalada ya dada huyu, watazame makosa aliyoyazuia, kisha wamwite kwenye usaili kama wengine.

Karani wa kaunta,
Majengo, Mombasa