Barua ya wazi kwa Waziri wa Barabara: Shimo hili ni la nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,

Nakuandikia kutoka Umoja, upande wa Mashariki mwa Nairobi, ambako mvua ikinyesha saa moja tu watu wa bodaboda wanapandisha nauli, na huna la kuwaambia. Mimi ni mzee mstaafu. Barabara ndiyo iliyonilisha na kunisomeshea watoto: nilianza na beleshi na karai, nikapanda hadi kuwa nyapara wa genge, nikaacha kazi magoti yalipokataa. Kwa hiyo nikikueleza habari za shimo, usinichukue kama abiria aliyerushiwa matope ambaye bado ana hasira.

Shimo lenyewe liko kwenye barabara ya mtaa inayochepuka kutoka Moi Drive na kuingia ndani kwenye makazi. Lilianza kama ufa mwembamba baada ya zile mvua za 2024 zilizofurisha jiji. Sikushangaa. Mtaro wa kando ulikuwa umejaa udongo na mifuko ya taka, maji hayakuwa na pa kwenda, yakalala juu ya lami. Na lami, Mheshimiwa, haiogopi lori kama inavyoogopa maji. Maji yakiona ufa hushuka hadi kwenye kokoto za chini. Huku kwetu, chini ya kokoto hizo kuna ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukivimba unainua lami, ukikauka unaiacha ikining'inia juu ya pengo, na gari la kwanza kupita linaiangusha. Siku zile za ufa, kazi ilikuwa ya vijana wawili, debe la lami na alasiri moja, baada ya kuzibua mtaro. Ile methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua, nadhani hata wanaoandika bajeti.

Nikaenda kuripoti. Ofisi ya kwanza nilipokewa na kijana mwenye adabu kweli. Alinipa kiti, akafungua kompyuta, akatafuta, akaniambia, "Mzee, hiyo si yetu, jaribu kwa wale wengine." Wale wengine wakaniuliza upana wa barabara. Niliutaja hapo hapo, kwa kuwa nilikuwa nimeipima kwa utepe wangu wa zamani. Wakasema kwa upana huo basi ni ya wale nilikotoka. Mtu wa tatu, kiongozi wa kuchaguliwa, alinipigia simu mwenyewe usiku, akasema fedha alizo nazo zina kazi nyingine lakini "ataona". Sitaji ofisi hata moja wala mtu hata mmoja, kwa kuwa sina ugomvi na karani. Kila mmoja wao huenda alisema kweli kwa jinsi alivyopewa kazi yake.

Aliyelishughulikia shimo mwishowe ni vijana wa mtaa. Walibeba kifusi cha jengo lililobomolewa, vipande vya vigae vikiwemo, wakakimwaga mle ndani, kisha wakasimama kando na kofia mkononi wakiwaomba madereva ishirini ishirini. Niliwapa hamsini na karipio juu. Shimo halizibwi likiwa na maji. Unakata kingo zake ziwe mraba, unatoa tope lote mpaka ufikie pagumu, unapaka lami ya majimaji, unajaza kwa tabaka na kila tabaka unaishindilia. Walinisikiliza vizuri. Wiki mbili baadaye kifusi kilikuwa kimeshasambaa barabara nzima, na vigae vimetoboa magurudumu.

Sasa nije kwako.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema barabara kuu za kitaifa ni kazi ya serikali kuu, na barabara za kaunti ni za kaunti, pamoja na taa za barabarani na maegesho. Kwenye karatasi hakuna utata. Lakini Katiba ilipokuja ilikuta sheria ya 2007 imeshazaa mashirika matatu, KeNHA la barabara kuu za kitaifa, KURA la barabara za mijini na KeRRA la barabara za mashambani, na yote bado yapo. Ndiyo maana hapa jijini Thika Road ina mwenyewe mmoja, Outer Ring ina mwingine, na kichochoro changu kina wa tatu. Mwezi Januari 2016 barabara ziliorodheshwa upya kwenye gazeti rasmi la serikali: takriban kilomita 161,000 nchi nzima, na kati ya hizo kama 121,000 zikawekwa upande wa kaunti. Nani amewahi kuiona orodha hiyo huku mtaani? Ukitoka Outer Ring ukakunja kuingia Umoja, umevuka mpaka wa serikali mbili bila kujua. Hakuna kibao. Hata lami haibadiliki rangi, yanayobadilika ni mashimo tu.

Na hapa Nairobi tuliongezewa kizunguzungu. Mwaka 2020 kazi ya uchukuzi iliondolewa kaunti ikapewa NMS (Nairobi Metropolitan Services), idara ya kuendesha jiji chini ya serikali kuu, na 2022 ikarudishwa. Faili zilikwenda zikarudi. Shimo halikupanda gari lolote.

Lakini linaloniuma zaidi ni fedha. Wanaokumbuka miaka ya themanini wanakumbuka vituo vya kutoza magari kwenye barabara kuu. Kile cha karibu na Ruiru kilikufa zamani, ila makanga wa Thika Road bado huita "Toll!" na abiria hushuka bila kujiuliza jina limetoka wapi. Sheria ya 1993 ikaleta ushuru wa matengenezo ya barabara unaolipwa ndani ya bei ya mafuta, na mwaka 1999 ikatungwa sheria ya Bodi ya Barabara ili kuzigawa fedha hizo. Nilikuwa kazini wakati huo na tuliushangilia. Tulisema sasa kila anayeichakaza barabara atailipia kwa kadiri anavyoichakaza, na hakuna wa kukwepa.

Julai 2024 ushuru huo ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Kijana wa jirani yangu anaendesha pikipiki na huchoma lita tatu kwa siku. Hizo ni shilingi 75 za barabara kila siku. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi ni 1,950, na kwa mwaka ni 23,400. Stendi yao ina pikipiki kama 40, kwa hiyo stendi moja ya vijana wa mtaani inachanga karibu shilingi 936,000 kwa mwaka kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Vijana hawa hawaendi Mombasa. Kutwa nzima wanazunguka ndani ya Umoja, Kariobangi South na Donholm, kwenye barabara za mitaa. Siku moja yule kijana aliniuliza, "Mzee, hiyo pesa yangu hutengeneza barabara gani?" Nilimwambia ile barabara kuu ya Southern Bypass, akacheka, lakini hakuwa anataka mzaha.

Unajua yaliyotokea baadaye, Mheshimiwa, pengine kuliko mimi. Kaunti zilitakiwa zipate shilingi bilioni 10.5 kutoka kwa ushuru huo katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Magavana na maseneta wakavuta huku, wabunge wakavuta kule, mambo yakafika mahakamani. Wabunge wana lao la kutetea, maana sheria ilikwisha kuyatengea maeneobunge asilimia 22 ya ushuru. Mimi nilikaa na kalamu. Bilioni 10.5 ukizigawa kwa kilomita 121,000 za kaunti unapata kama shilingi 87,000 kwa kilomita, kwa mwaka. Hiyo haijengi barabara, na hata viraka vingi haiwezi. Lakini ukimpa nyapara anayejua kazi, inazibua mitaro na kuziba nyufa kabla hazijawa mashimo. Yaani waheshimiwa walipigania kiasi cha kusafishia mtaro, na mtaro haukusafishwa.

Kisha 2025 serikali ikaweka rehani shilingi 7 kati ya zile 25 ili ipate bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokuwa wakidai. Sipingi wakandarasi kulipwa. Nimeona mitambo imelala kwenye vichaka kwa sababu mwenyewe hakulipwa, na nimeona vibarua wakirudi nyumbani mikono mitupu. Ila ni kama mkulima anayeuza mahindi yangali shambani: mwaka unaofuata atakula nini? Vijana wa stendi wataendelea kulipa shilingi hizo 7 kwa miaka, kulipia kazi iliyokwisha fanywa, nyingi yake kwenye barabara wasizopita.

Usidhani naitetea kaunti. Kaunti inakusanya ada za maegesho na kodi za ardhi, na sioni zinavyofika kwenye mtaro wangu. Ukiipa fedha bila masharti zitageuka mishahara na safari, na nitakuandikia barua nyingine kali kuliko hii. Ninachosema ni kwamba Katiba, kifungu cha 187, inataka kazi ikihamishwa kutoka serikali moja hadi nyingine, rasilimali za kuifanya zihamishwe nayo. Kama ndivyo kwa kazi inayohama kwa mkataba, vipi kwa kazi ambayo Katiba yenyewe iliikabidhi kaunti tangu mwanzo?

Na usiniambie, kama walivyoniambia wale wengine, kwamba shimo langu si lako. Jedwali hilo hilo la Nne, sehemu ya kwanza, linaipa serikali kuu kazi ya kuweka viwango vya ujenzi na matengenezo ya barabara zinazoshikwa na kaunti. Kaunti ina shimo, wewe una kipimo cha jinsi linavyopaswa kuzibwa. Na ushuru unaotozwa kwenye mafuta unatozwa kwa amri inayotoka kwenye wizara yako. Kwa hiyo katika shimo hili una sehemu yako, na ndiyo maana barua imekuja kwako kabla ya kwenda City Hall, makao ya kaunti.

Ninaloliomba kwanza halina gharama kubwa. Weka kibao kwenye kila njia panda jijini, kidogo tu kama vile vya namba za nyumba, kitaje jina la barabara, mwenyewe ni nani, na namba ya simu ya kuripoti. Mwenye barabara akijulikana hataweza kumwambia mzee "nenda kwa wale wengine". Kibao kitasaidia pia kumkamata mtu wa mabomba au nyaya za intaneti anayekuja usiku, anakata lami, anafukia kwa udongo, anaondoka. Nimeshuhudia barabara mpya ikikatwa mara tatu kabla haijamaliza mwaka.

La pili ni gumu, najua. Pendekeza sheria iseme wazi sehemu ya ushuru inayokwenda kaunti ni kiasi gani, kwa fomula isiyobadilika kila bajeti, na iwe ni kwa matengenezo tu. Mtaro kwanza, lami baadaye. Anayeshindwa kuonyesha mitaro yake mwaka huu asipate fungu la mwaka ujao. Kila mgao utangazwe kwa jina la barabara, si kwa jina la wadi, maana katika wadi fedha hupotea kama maji kwenye mchanga.

Na kuna jambo la zamani ambalo ningependa ulifufue. Mwaka 1974 nchi hii ilianzisha mpango wa barabara za mashambani, na kila kipande cha barabara kilipokamilika kilikabidhiwa mtu anayeishi hapo. Alikuwa na jembe, panga, beleshi na toroli, na kilomita moja na nusu hivi hadi mbili za kwake. Alifukua mtaro, alifyeka nyasi, alijaza nyayo za magurudumu kabla hazijawa mifereji, na mkaguzi akiridhika alilipwa. Sijaona mkandarasi anayeijua barabara kama mtu yule alivyoijua ya mlangoni pake. Wale vijana wa kifusi na kofia wangekuwa wa kwanza kujiandikisha, nami ningewafundisha kukata kingo bila malipo, mradi kuna lami ya kujazia.

Jana asubuhi nililipima shimo tena kwa utepe ule ule. Urefu ni mita 2.4, upana mita 1.3, na kina chake kinanifika chini kidogo ya goti. Vipimo vya mwanzo, siku ya ufa, vimo kwenye daftari langu, pamoja na tarehe za safari zangu zote za ofisini. Ukimtuma mtu wako, amwulize yeyote stendi ya bodaboda nyumba ya mzee mwenye utepe ilipo. Aje na viatu vya mpira.

Wako,
Nyapara mstaafu,
Umoja, Nairobi