Shukrani kwa Mzee wa Mkunazini

Sisi wanafamilia wa Dodoma tunamshukuru kwa dhati mzee mmoja, ambaye hakututajia jina lake, kwa kututembeza katika maonyesho ya historia ya biashara ya utumwa pale Mkunazini, Unguja, tulipokwenda mapumzikoni. Alipofahamu tunakotoka, alitueleza kwa subira jinsi misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilivyopita Ugogo, ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yao, kisha Mpwapwa hadi pwani, na jinsi wengi walivyovushwa bahari kupelekwa katika soko la watumwa la hapo Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873. Watoto, waliodhani historia hiyo ni ya watu wa pwani tu, walimwuliza maswali mengi, naye (hilo ndilo lililotugusa zaidi) hakulipuuza hata moja. Mzee wetu, shikamoo. Mungu akujalie afya njema.