Kwa nini tunakuuliza "Picha umeitoa wapi?"

Ndugu mteja, ukileta kazi ya lebo au bango hapa dukani kwetu Mwanga, Kigoma, swali letu la kwanza ni hilo. Wengi hujibu: "Google." Lakini Google inakuonyesha tu picha ilipo. Picha ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda hata kama hakuweka jina lake juu yake.

Tulijifunza kwa uchungu. Tulimchapishia mama mmoja lebo za mawese zenye picha nzuri ya michikichi. Kumbe aliyeipiga ni kijana wa hapahapa mjini, akaikuta sokoni imebandikwa kwenye chupa. Lebo zikabanduliwa zote, tukachapa nyingine kwa gharama yetu. Kijana alikuwa na haki yake, na mama alikuwa ametuamini sisi.

Zipo picha ambazo wenyewe wameruhusu zitumike. Sisi huanzia Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2004; tafuta humo Ujiji au meli ya Liemba uone. Nyingi zina leseni za Creative Commons, yaani ruhusa za matumizi zilizoandikwa tayari, na kabla ya kupakua soma herufi zake. BY ni kumtaja mpiga picha. SA, ukiibadilisha picha, kazi yako nayo uitoe kwa leseni hiyohiyo. CC0, mwenyewe ameachia haki zake, hata kumtaja si lazima.

Kwenye tovuti nyingine, wateja wetu hukwama kwenye NC na ND. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na lebo ya dagaa ni biashara hata ukiuza ndoo tano tu. ND inakataza kusambaza picha iliyobadilishwa. Ukiikata ukaichanganya na nembo na maandishi yako, umeshaigusa. Kwa lebo, chagua CC0 au BY.

Usihofu kwamba jina litaharibu muonekano. Tunaliweka nyuma, karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa herufi ndogo zinazosomeka: jina la mpiga picha, chanzo, leseni, na kama tumeibadilisha. Nafasi ikibana, tunaweka msimbo wa QR, ule wa kuskani kwa simu, unaompeleka mtu kwenye ukurasa wenye maelezo hayo.

Jambo moja linasahaulika sana: leseni inatoka kwa mpiga picha, si kwa aliyepigwa. Sura ya mvuvi kwenye tangazo lako inahitaji ridhaa ya mvuvi mwenyewe.

Ukikosa inayokufaa, nenda Kibirizi asubuhi na simu yako, upige dagaa wako mwenyewe wakiwa wameanikwa. Ukitutumia kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, maana ikija kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora na kwenye bango kubwa itaonekana ina ukungu.